Maswali ya Wasomaji: Mchanga Badala ya Changarawe Ndani ya Tangi la Samaki

Kati ya barua zilizofika mwezi huu, tatu zinauliza habari za sakafu ya tangi, yaani kile kinachotandazwa chini ya maji. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imegusa mambo ambayo wafugaji wengi wa pwani hukosea, na makosa hayo huwagharimu samaki uhai wao.

SWALI: Bwana Mshauri, assalam aleykum. Mimi ni msomaji wako wa Mwanakwerekwe, Unguja. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 45, ambamo nafuga samaki wa dhahabu wanne. Juma lililopita kijiwe cha changarawe kilimkwama mmoja wao mdomoni, akashinda kinywa wazi tangu alfajiri hadi adhuhuri, mpaka mke wangu alipomshika kwa kitambaa kilicholowa nami nikakitoa kijiwe kwa kibanio cha nyusi. Nimeamua kuondoa changarawe yote niweke mchanga mweupe wa Paje, lakini fundi aliyenitengenezea tangi anashikilia kwamba mchanga huoza na kuua samaki. Nishike la nani?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kukitoa kijiwe kwa upole, na kitambaa kilicholowa ndicho kilichosaidia, kwa sababu mkono mkavu humbandua samaki ule utelezi unaomkinga dhidi ya maradhi.

Uamuzi wako wa kuhamia kwenye mchanga ni sahihi kwa samaki ulio nao. Samaki wa dhahabu ni wa ukoo mmoja na samaki wa maji baridi aitwaye kapu, na Wachina wamemfuga kwa zaidi ya miaka 1,000 bila kuiondoa tabia yake ya asili, ambayo ni kutafuta chakula kwa kuchota sakafu. Keti mbele ya tangi lako wakati samaki wametulia, umtazame mmoja kwa dakika tano. Atainamisha kichwa, atabugia funda la kile kilichoko chini, atalizungusha kinywani huku mashavu yakifunguka na kufumba, kisha atalitema. Kwenye kaakaa lake kuna nyama nene yenye hisia kali ya ladha, ambayo hushika chembe za chakula na kuacha zisizofaa zitoke. Kazi hiyo inafanyika barabara iwapo chembe ni ndogo kiasi cha kupita bila kizuizi. Changarawe ya ukubwa wa punje ya choroko au mbaazi ndiyo iliyo hatari, kwani huingia kinywani kwa urahisi, ikageuka ubavu, na kushindwa kutoka. Kwa hiyo ama uweke mawe makubwa kuliko kinywa cha samaki, ama uweke mchanga. Mawe makubwa yana nafasi katikati ambamo chakula huanguka na kuozea mahali pasipofikiwa na samaki wala mpira wa kunyonyea maji, na ndiyo maana mimi nachagua mchanga.

Fundi wako naye hakusema uongo mtupu. Mchanga unaweza kuoza, au kwa usahihi zaidi, uchafu unaweza kuoza ndani ya mchanga uliowekwa kwa unene uliopita kiasi, na jambo hilo nimelieleza katika jibu la barua ya tatu. Kwa samaki wako unene wa sentimita 3 unatosha. Kwa tangi la vipimo ulivyotaja, hiyo ni lita 10.8 za mchanga, ambazo zikiwa kavu zina uzito wa kilo 17 hivi. Tafuta kilo 20, maana nyingine itakwenda na maji wakati wa kuosha.

Sasa tuje kwenye mchanga wa Paje, kwa sababu hapo ndipo ninapokusihi usimame kidogo. Mchanga ule mweupe haukutokana na mawe ya milimani yaliyosagwa na mito. Sehemu yake kubwa ni mabaki ya viumbe wa baharini: vipande vya matumbawe, kombe zilizovunjika, mwani wenye chokaa, na ule unga anaoutoa pono baada ya kutafuna matumbawe kwa meno yake. Kwa maneno mengine, mchanga huo ni chokaa. Weka kijiko kimoja cha mchanga mkavu ndani ya glasi, mimina siki nyeupe kiasi cha kuufunika, kisha sikiliza. Utausikia ukichachatika kabla hata hujaona mapovu yakipanda kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Mapovu hayo ni hewa ya kaboni inayotoka chokaa inapoliwa na asidi. Mchanga wa mto ulio safi, ambao sehemu yake kubwa ni chembe ngumu za jiwe la kwazi, hukaa kimya ndani ya siki.

Chokaa hiyo huyeyuka polepole ndani ya tangi, ikayafanya maji kuwa magumu na kupandisha kipimo cha pH, yaani kile kinachoonyesha kama maji yana asidi au alkali. Samaki wa dhahabu huvumilia maji magumu, kwa hiyo sitakuambia kwamba mchanga wa Paje utawaua wote wanne. Lakini ukitaka baadaye kufuga samaki wadogo wenye asili ya mito ya Amazon, waliozoea maji laini yenye asidi kidogo, sakafu hiyo itakuwa adui yao kila siku. Isitoshe, mchanga uliochotwa ufukweni una chumvi, na pamoja na chumvi una wadudu wadogo wa baharini ambao hufa mara wakikutana na maji baridi yasiyo na chumvi, wakaoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Mtu anayeosha mara mbili tatu akadhani amemaliza hujikuta akilaumu ugonjwa ambao haupo. Tena ufukwe si ghala la mtu mmoja. Ndoo yako moja ni ndogo, lakini fukwe zetu zinaliwa na mawimbi, na mchanga katika kisiwa cha Unguja umekuwa adimu hata kwa wanaojenga.

Kuna mchanga mwingine ulio karibu nawe kuliko unavyofikiri. Mahoteli ya ukanda huo huo wa Paje na Jambiani yana mabwawa ya kuogelea, na chujio nyingi za mabwawa hayo hujazwa mchanga wa kwazi uliochekechwa, wenye chembe za nusu milimita hadi milimita moja hivi. Huuzwa kwa mifuko na wauzaji wa vifaa vya mabwawa. Chembe zake ni za ukubwa unaolingana, hauna udongo, haubadilishi maji, na uzito wake unatosha kuufanya utulie chini badala ya kurushwa na mkondo wa pampu. Hakikisha unanunua mpya, wala si ule uliokwisha kutumika, kwani wa zamani umebeba mafuta ya ngozi na dawa za bwawa. Ukiukosa, mchanga wa mto unaouzwa kwa ajili ya ujenzi unafaa pia, ila lazima uupime udongo wake: jaza theluthi ya chupa ya plastiki kwa mchanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha uache chupa isimame kwa saa moja. Maji yakibaki na rangi ya chai ya maziwa, mchanga huo una udongo mwingi na kuuosha kutakuchosha. Uchekeche kwa wavu wa dirisha ili kuondoa mawe na vijiti.

Uoshaji ndio sehemu ambayo watu huifanya kwa haraka, nami naomba usiifanye hivyo. Tia mchanga kidogo kidogo ndani ya ndoo, usizidi robo ya ndoo kwa mara moja, ingiza mpira wa maji mpaka chini, koroga kwa mkono na uyaache maji yafurike. Maji ya mwanzo yatakuwa kama tui zito, halafu kama tui la pili, halafu yataanza kuonyesha vidole vyako. Endelea mpaka uione mistari ya kiganja chako chini ya ndoo. Usitumie sabuni hata tone, kwa sababu hujificha kati ya chembe na ni sumu kwa samaki.

Kabla hujatoa changarawe, kumbuka kwamba kila kijiwe kimefunikwa na bakteria wanaokufanyia kazi bila malipo. Wao hugeuza amonia, inayotoka kwenye mashavu na kinyesi cha samaki, kuwa naitraiti, kisha wenzao wakaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo sana ikilinganishwa na zile mbili. Ukiitoa changarawe yote asubuhi moja, ukaosha na chujio siku hiyo hiyo kwa maji ya bomba yenye klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, utakuwa umewafukuza wafanyakazi wote kwa pamoja huku samaki wanne wakubwa wakiendelea kuchafua maji. Kwa hiyo usiguse sponji ya chujio wiki hiyo. Toa changarawe nusu leo na nusu baada ya wiki moja au mbili, na vikombe vitatu vinne vya changarawe hiyo uvifunge ndani ya soksi safi ya nailoni, uviache kwenye kona ya tangi kwa mwezi mmoja ili bakteria wapate muda wa kuhamia kwenye mchanga. Punguza chakula, na kila baada ya siku mbili badilisha robo ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini. Kwa joto la Unguja maji hubeba oksijeni kidogo, basi pampu ya hewa isizimwe kipindi chote hicho.

Siku ya kuweka mchanga ndiyo siku pekee ya kuzima chujio, tena kwa saa chache tu. Punguza maji, weka sahani chini ya tangi, na ushushe mchanga uliolowa kwa bakuli juu ya sahani ile ili usitawanyike. Maji yatakuwa na ukungu kwa siku moja hadi tatu. Mdomo wa chujio unaovuta maji uuinue angalau sentimita 8 juu ya mchanga, kwani chembe zikiingia kwenye panga la pampu hulisaga mpaka likaanza kunguruma. Na iwapo una chujio la sahani linalolala chini ya changarawe, liondoe kabisa, kwa maana mchanga huziba matundu yake ndani ya siku chache.

Baada ya hapo utaona jambo litakalokusumbua mwanzoni: tangi litaonekana chafu kuliko zamani. Kinyesi kilichokuwa kikizama kati ya vijiwe sasa kitalala juu ya mchanga mweupe mbele ya macho yako na ya wageni. Usihuzunike. Uchafu ule ule ulikuwapo, isipokuwa changarawe iliuficha. Sasa shika mpira wa kunyonyea, upitishe sentimita moja au mbili juu ya mchanga kwa kuuzungusha polepole, na uchafu utapanda peke yake kwa kuwa ni mwepesi, wakati mchanga ukibaki chini.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Kigoma. Wanafunzi wa klabu ya sayansi wanataka kuanzisha tangi la samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, hasa wale wanaoishi ndani ya nyumba tupu za konokono. Je, tutumie mchanga au changarawe, na je, mchanga wa ziwani unafaa?

JIBU: Mwalimu, barua yako imenifurahisha sana. Watu wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi ili wawe na samaki wanaoishi mita chache kutoka ufukwe wa wanafunzi wako, na ni haki ya watoto wa Kigoma kuwafahamu kabla ya watu wa mbali.

Kwa samaki hao changarawe haifai kabisa. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja na sato, ambao wataalamu huwaita sikilidi, na baadhi yao wameumbika kwa ajili ya mchanga. Wale wanaokaa ndani ya nyumba za konokono hutumia hasa nyumba za *Neothauma tanganyicense*, konokono asiyepatikana kwa asili mahali pengine duniani. Aina moja, *Neolamprologus multifasciatus*, ni miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote: dume hafiki kwa kawaida sentimita 5. Samaki huyo hachoki kuchimba. Huchota mchanga kwa kinywa, huubeba mpaka pembeni, akautema, akarudi, na baada ya siku chache utakuta shimo la mviringo lililojaa nyumba za konokono, kila moja ikiwa na mwenyewe. Mwenzake, *Lamprologus ocellatus*, hufanya kinyume: huchimba chini ya nyumba yake mpaka izame, kisha huifunika kwa mchanga na kuacha mlango tu. Ukimwekea changarawe, unamnyima kazi ya maisha yake, na wanafunzi hawataona lolote zaidi ya samaki aliyejificha.

Weka unene wa sentimita 5 au 6 mahali penye nyumba za konokono, na pembeni punguza. Mchanga wa ziwani unafaa. Uchukueni mahali panapopigwa na mawimbi, mbali na midomo ya mito, mitaro na makazi, na mahali penye maji yaliyotulia na majani wanafunzi wasiingie hata kidogo, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho hupenda hapo. Uosheni, uanikeni juani mpaka ukauke kabisa kwa siku kadhaa, ndipo uingie ndani ya tangi. Nyumba za konokono ziwe tupu zilizosukumwa ufukweni, tatu kwa kila samaki, nazo zichemshwe.

Maji ya ziwa yana alkali, pH yake ikiwa kati ya 8.6 na 9.2 hivi, na kwa hiyo ule mchanga wa chokaa ambao nimemkataza ndugu yetu wa Unguja ungekuwa na manufaa kwenye tangi la samaki hawa. Ninyi hamuuhitaji iwapo mtatumia maji ya ziwa yaliyochujwa. Ama kuhusu kuwapata samaki wenyewe, msiwavue kabla ya kuzungumza na afisa uvuvi wa wilaya. Ombeni barua, na mwalikeni aje aone tangi likishakamilika.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nairobi. Tangi letu lina samaki wadogo waitwao gapi na mimea, na tuliweka mchanga wa unene wa sentimita 10 kwa kuwa watoto walipenda vilima. Sasa kupitia kioo naona madoa meusi ndani ya mchanga, na nilipochomeka kijiti yalitoka mapovu yenye harufu ya yai viza. Tuutupe wote?

JIBU: Msiutupe wote, mama, wala msiuchimbue wote kwa siku moja. Mchanga mzito namna hiyo haupitishi maji chini, oksijeni huisha, na bakteria wanaoishi bila oksijeni huanza kuozesha mabaki ya chakula. Wao hutoa hewa iitwayo haidrojeni salfaidi, ndiyo yenye harufu hiyo, na hewa hiyo ikikutana na chuma kilichomo ndani ya mchanga huacha weusi mnaouona. Doa jeusi lililotulia chini kwa kawaida halimdhuru samaki, kwa kuwa hewa inayopenya polepole huunganika na oksijeni ya maji na kupoteza sumu yake. Hatari huja mtu anapofukua kilima kizima, na hewa yote ikatoka kwa mara moja.

Punguzeni mchanga mpaka sentimita 4, na penye mimea yenye mizizi mikubwa muache 6, maana mizizi hupeleka oksijeni chini. Gawanyeni tangi katika sehemu nne na mfanye sehemu moja kila wiki kwa kuunyonya mchanga kwa mpira mpana wala si kwa kukoroga. Watoto wakitaka vilima, vijengeni kwa mawe bapa chini, na tabaka jembamba la mchanga juu yake. Wapo pia konokono wembamba wenye umbo la pembe, *Melanoides tuberculata*, ambao mchana hujizika na kuutifua mchanga. Wachukueni kwa mfugaji ambaye amewazalisha ndani ya tangi, na kamwe msiwaokote bwawani au mtoni, kwa sababu jicho lisilozoea haliwezi kuwatofautisha na wale wa kichocho.

Kwa ile sehemu yenye harufu kali zaidi, wahamisheni gapi ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lao, toeni mchanga huo mweusi, badilisheni nusu ya maji, na muwarudishe harufu ikiisha. Usiku huo pampu ya hewa iachwe ikifanya kazi mpaka asubuhi.